TAHADHARI: Kuna mtu anawangoja wadai langoni mwa mahakama

Ndugu zangu wa hapa Arua na popote mlipo Uganda, hasa sisi tunaoishi kwa biashara ndogo: kuna mtu anakula pesa za watu waliokwisha kuibiwa. Mimi amenilia shilingi 300,000.

Nilimtumia mfanyabiashara mmoja 1,400,000 kwa simu, bei ya cherehani ya ovaloki. Cherehani haikuja, na simu akaacha kupokea. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaniambia, mama, nenda ukadai mahakamani, kuna utaratibu wa madai madogo. Nikaenda. Kabla sijafika mlangoni akanipokea bwana mmoja mwenye shati jeupe na faili kubwa kwapani, akaniita dada, akanikalisha kwenye benchi chini ya mti. Akasema yeye ni wakili wa madai madogo, bila yeye kesi haifunguliwi, na kwamba hakimu "anaonwa" kwanza. Nilimlipa mkononi. Alinipa risiti iliyoandikwa "ada ya hakimu", na muhuri wake ulikuwa mbichi kiasi kwamba wino ulinipaka kidole gumba. Ule wino ungenitosha kushtuka, lakini mtu aliyeibiwa husikiliza yeyote anayemwambia atamsaidia.

Wiki 3 zikapita, kimya. Niliporudi nikaingia ndani mwenyewe, kwa karani. Akatafuta jina langu, hakuna. Akaitazama ile risiti, akanirudishia, halafu akanieleza mambo ambayo laiti ningeyajua mapema.

Utaratibu huu uko katika kanuni za mwaka 2011. Ni wa madai yasiyozidi shilingi milioni 10: deni, mali uliyolipia usiletewe, mali uliyouza usilipwe, kodi ya nyumba. Ndoa, mirathi, kuchafuliwa jina au kuidai serikali haviingii humo. Na mawakili hawaruhusiwi kumsimamia mtu katika kesi hizi. Yaani hata angekuwa wakili wa kweli, yule bwana asingeweza kusimama badala yangu!

Kwanza unajaza fomu ya kumtaka mdaiwa alipe, unampelekea, naye anapewa siku 14. Yangu niliipeleka mimi na mwenyekiti, akashuhudia ikipokelewa. Siku zikiisha bila malipo unarudi na nakala ya ile fomu, unafungua dai, mahakama inamwita mdaiwa. Ukitakiwa kulipa ada yoyote, utapewa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, ukalipe benki au kwa simu. Pesa ya mahakama haipokelewi mkononi, sembuse chini ya mti.

Siku ya kesi sikuhitaji maneno ya kisheria. Hakimu aliniuliza nililipa lini, kwa njia gani, na tulikubaliana nini. Nilikuwa nimechapisha jumbe zote za malipo na maongezi yetu ya simu, nikazipanga kwa tarehe. Mdaiwa alipoonyeshwa ujumbe wake mwenyewe, "mama pesa nimeiona, mzigo unatoka kesho", alikubali deni mbele ya wote. Kwa hiyo usifute ujumbe wowote, jamani, hata ule wa salamu.

Basi huyu mtu wa faili: ni wa makamo, mpole, anasema Kiswahili kizuri na Kilugbara, na hapendi kuingia nanyi ndani. Ukimwambia "twende wote kwa karani", ana safari ya ghafla. Mwambie hivyo hivyo. Kama umeshampa pesa, usiitupe risiti yake. Nenda nayo polisi, kisha umwonyeshe msajili au hakimu mkuu wa mahakama hiyo. Mimi nimeshaandikisha, na wengine 2 niliowakuta pale wana risiti zenye mwandiko uleule.

Yule wa cherehani analipa 200,000 kila mwezi, amebakiza 600,000. Wa faili bado sijamwona tena.