Mtoto mwenye usonji: umfundishe nyumbani au umpeleke kitengo?

Wazazi wa Mwanza hili swali haliishi jamani. Kwa gharama, kitengo cha elimu maalumu shule ya serikali kinashinda, elimu bila malipo ipo tangu 2016, ila nauli ya daladala toka Buhongwa kila siku, tena wewe na mtoto, kwenda kurudi, inauma. Nyumbani nauli hamna lakini mmoja wenu anaacha meza ya dagaa, hiyo nayo si hela? Utulivu upo nyumbani, hasa kama makelele yanamvuruga. Wenzake wa kucheza nao atawapata shule, na mwalimu aliyesomea, japo akihamishwa mnaanza upya. Una bibi mvumilivu hapo kwako, jaribu nyumbani. Uko peke yako na biashara, mi ningesema kitengo.