Habu za Kuloki kwa Mkono za Aisin: Tathmini ya Mtumiaji wa Pikapu ya 4x4

Nimeondoa habu za kujiloki zenyewe (vifaa vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti zake) kwenye pikapu yangu ya Toyota na kufunga mahali pake habu za kuloki kwa mkono zilizotengenezwa na Aisin, kampuni ya Japani ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiiuzia Toyota vipuri vya aina hii. Baada ya kuziendesha kwenye lami, kwenye matope na kwenye milima ya mawe, naziona kuwa kifaa bora kwa mtu anayetaka kuwa na hakika kwamba magurudumu yake ya mbele yanavuta pale anapoyahitaji. Hata hivyo, hakika hiyo haitoki kwenye boksi moja kwa moja. Sehemu kubwa yake hutegemea namna habu zilivyofungwa, na ndiyo maana tathmini hii itakaa zaidi kwenye ufungaji kuliko kwenye sifa za kifaa chenyewe.

Kwenye gari ambalo 4x4 yake huingizwa kwa hiari ya dereva, magurudumu ya mbele yakiwa yameungana na shafti zake wakati wote, huzizungusha shafti hizo, difu ya mbele (gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili) na propela ya mbele (shafti ndefu inayoipelekea difu hiyo nguvu) hata pale injini inapoyasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Vyuma vyote hivyo huzunguka bure, huchakaa, hupiga kelele na kulitia gari uzito. Habu ya kuloki hukata muungano huo palepale kwenye gurudumu: ikiwa kwenye FREE, gurudumu huzunguka juu ya beringi zake na shafti hutulia, ikiwa kwenye LOCK, pete yenye meno iliyomo ndani husogea na kuvishika pamoja shafti na kitovu cha gurudumu. Wazo hili si geni. Mwaka 1948 kampuni ya Warn ya Marekani ilianza kazi kwa kutengeneza habu za namna hiyo kwa ajili ya Jeep zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ili ziweze kutumika barabarani bila kuburuta mitambo ya mbele.

Habu za Aisin ni nzito mkononi. Bodi yake ni ya chuma, na kitasa cha kuzungushia nacho ni cha chuma, jambo ambalo nalipa uzito mkubwa kwa sababu habu za bei nafuu zenye kitasa cha plastiki huvunjika zikigongwa na jiwe, au kitasa chenyewe kikalika mahali vidole vinapokishika. Kitasa cha Aisin kina ukingo uliosimama katikati ambao vidole huushika vizuri hata vikiwa na tope, na husimama pale kinapotakiwa bila kucheza. Kabla ya kununua, hesabu meno ya shafti ya gari lako na idadi ya stadi (bolti zisizo na kichwa) kwenye kitovu cha gurudumu, kwa kuwa habu zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa meno. Kama gari lako lilikuwa na flanji za kudumu (visahani vinavyounganisha shafti na gurudumu wakati wote) badala ya habu, pima pia urefu wa stadi, maana flanji ni nyembamba kuliko bodi ya habu na nati zinaweza kukosa uzi wa kutosha wa kushika.

Kazi ya kufunga huanza kwa kuzuia magurudumu ya nyuma, kuinua upande wa mbele kwa jeki na kuuegemeza kwenye stendi imara, kisha kufungua mfuniko wa habu ya zamani na kutoa klipu inayobana mwisho wa shafti. Hatua ya kutoa bodi ndiyo inayowashinda wengi. Chini ya kila nati kuna washa ya koni, yenye umbo la kabari, iliyojikaza kati ya stadi na bodi, na mtu asiyeijua huanza kuibandua bodi kwa bisibisi mpaka akaharibu uso unaokaliwa na gasketi. Njia sahihi ni kurudisha nati hadi ncha ya stadi ili kuulinda uzi, kisha kugonga bodi kwa nyundo na kipande cha shaba kando ya kila stadi. Koni huruka yenyewe, wakati mwingine baada ya pigo moja, wakati mwingine baada ya kusumbuka sana. Ikiwa imeshikwa na kutu, mafuta ya kulegeza kutu na subira hufanya kazi kuliko nguvu.

Bodi ikishatoka, beringi za gurudumu ziko wazi mbele yako, na kuzifunika tena bila kuzikagua ni kupoteza nafasi. Nimewahi kupokea gari kutoka kwa gereji iliyofunga habu mpya juu ya beringi zilizolegea, nalo likawa linayumba usukani kiasi cha kumfanya mtu alaumu habu ambazo hazikuwa na kosa. Nati ya ndani hukazwa, kitovu huzungushwa pande zote mbili ili beringi zikae mahali pake, nati hulegezwa, kisha hukazwa upya kwa kiasi kidogo tu. Baada yake huja washa ya kulokia, ambayo ukingo wake hukunjwa juu ya nati, na nati ya nje. Fundi mzuri humalizia kwa mizani ya springi iliyoshikizwa kwenye stadi ya gurudumu, akisoma nguvu inayohitajika kukianzisha kitovu kuzunguka.

Grisi inahitaji neno lake, kwa sababu hapa ndipo habu nzuri huharibiwa na watu wenye nia njema. Ndani ya habu hupakwa grisi nyembamba kwenye meno, basi. Ukiijaza kama unavyojaza beringi, pete ya ndani hukosa nafasi ya kuteleza, kitasa huwa kigumu, na siku moja kitaonyesha LOCK ilhali meno hayajashikana. Weka gasketi mpya, kaza nati za bodi kwa kipimo cha kitabu cha gari (kwenye pikapu nyingi za Toyota za aina hii ni kama Nm 31), kisha ingiza bolti kwenye tundu lililo mwisho wa shafti, uivute shafti nje na kurudisha klipu. Mfuniko ufungwe kitasa kikiwa kwenye FREE, huku ndimi zake zikielekea sehemu za bodi zisizo na meno. Bolti za mfuniko ni ndogo, na kukaza kwa hasira huzikata.

Kabla ya kushusha gari, zungusha gurudumu kwa mkono kitasa kikiwa kwenye FREE huku ukiitazama shafti nyuma yake: inatakiwa isimame. Zungusha kitasa hadi LOCK, sukuma gurudumu taratibu, na utasikia mlio mfupi wa meno yakiingia, kisha shafti itaanza kwenda pamoja na gurudumu. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande mmoja ukibaki wazi, difu ya kawaida hupeleka mwendo wote kwenye shafti isiyoshika kitu, na magurudumu yote mawili ya mbele hayatavuta.

Barabarani, tofauti niliyoiona mapema ni ukimya. Mngurumo uliokuwa ukitoka chini ya miguu kwenye mwendo wa kasi umepungua, na mtetemo wa propela ya mbele haupo tena. Matumizi ya mafuta yanapungua kwa kiasi kidogo mno, na sitamshauri mtu anunue habu hizi kwa sababu hiyo peke yake. Faida iliyonigusa zaidi ni kwenye mteremko mkali. Habu nyingi za kujiloki hutegemea msukumo wa injini ili zishike, na pale gari linapoanza kusukumwa na uzito wake lenyewe, zinaweza kuachia kwa muda, kabla ya kushika tena kwa upande wa pili. Za mkono hazina mashaka hayo: breki ya injini hufika kwenye magurudumu yote manne tangu juu hadi chini. Pia unaweza kuweka gia nzito ya transfa (gia boksi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) habu zikiwa wazi na kurudisha trela nyuma polepole kwenye sakafu ngumu bila mitambo kujisokota, mradi usilazimishe mzigo, kwa sababu nguvu yote wakati huo inabebwa na shafti za nyuma peke yake.

Usumbufu wa kushuka garini ni wa kweli, ila hupungua ukiloki mapema. Habu zikiwa kwenye LOCK na transfa ikiwa kwenye magurudumu mawili, gari huenda kwenye lami bila madhara, kwa hiyo loki kabla ya kuingia njia mbaya, halafu fobaifo (4x4) uiingize kwa lefa ukiwa umekaa. Ukimaliza na kitasa kikagoma kurudi, rudisha gari nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka ili mkazo utoke. Gari lenye 4x4 ya wakati wote na difu ya katikati lisifungwe habu hizi bila kubadilisha transfa, kwani habu zikiwa wazi na difu ya katikati haijalokiwa, nguvu itaishia mbele na gari halitasogea.

Usiziache kwenye FREE miezi na miezi. Toyota hushauri mfumo wa 4x4 uendeshwe walau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yafike kwenye difu, sili na jointi za mbele, na ushauri huo ufuatwe kwenye njia ya vumbi au mchanga, kamwe si kwenye lami kavu. Ukivuka maji ya kina, fungua mfuniko mmoja uitazame grisi: ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yamepita, na gasketi pamoja na oringi (pete ya mpira) ya kitasa zinahitaji kubadilishwa kabla kutu haijashika pete ya ndani.