Pete za nanokristali kwenye mota ya mashine ya sembe: uzoefu wangu wa miezi 14

Nina mashine ya kusaga na kukoboa Kibaigwa, mkoani Dodoma. Mota ya kusagia ni ya kilowati 30, na naiendesha kwa inverta, kifaa cha kuongoza mwendo wa mota, ili iwake taratibu bila kuushtua umeme wa jirani zangu wote. Tangu nifunge inverta hiyo, beringi za mota zilikuwa hazimalizi miezi mitano. Zinaanza kunguruma kidogo asubuhi, wiki mbili baadaye zinapiga kelele mpaka wateja wanasogea nje na magunia yao. Nilibadili aina ya beringi, nikabadili grisi, nikanyoosha upya puli na mikanda. Wapi!

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa kusuka mota. Aliikata beringi iliyokufa kwa grainda, akaifuta grisi, akanionyesha njia ya gololi. Ilikuwa na mistari midogo iliyopangana sawasawa kama bati la migongo. Nikipitisha ukucha nausikia ukikwaruza trrr. Akaniambia, “Mwanangu, hii haijafa kwa grisi. Hii imeliwa na umeme.”

Inverta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Yangu imewekwa kilohezi 8, yaani mara 8,000 kwa sekunde. Fezi tatu zinazotoka humo ukizijumlisha hazifutani kama zile za laini ya kawaida. Kinachobaki hutafuta njia ya kurudi kwenye ethi (waya wa ardhini), na njia mojawapo ni shafti, gololi, kisha bodi ya mota. Kila cheche inachimba kitobo kisichoonekana. Vikijipanga, ndiyo ile migongo ya bati.

Dawa aliyonielekeza ni pete za nanokristali, ambazo nyaya za mota hupita katikati yake, nazo huukaba ule umeme unaozurura. Chuma chenye silikoni na boroni, pamoja na shaba na niobiamu kidogo, huyeyushwa na kumiminwa juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi. Kinaganda kwa kasi ya kama nyuzi milioni moja kwa sekunde, kinatoka utepe wa mikroni 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Utepe unazungushwa kuwa pete, kisha unaokwa kwenye nyuzi 550 hivi. Hapo ndani yake huota chembe za nanomita 10 hadi 15: shaba inazianzishia, niobiamu inazizuia zisinenepe. Wajapani wa Hitachi Metals, Yoshizawa na wenzake, ndio waliouchapisha uvumbuzi huu mwaka 1988. Pete kama hiyo hupitisha usumaku kwa wepesi mara nyingi kuliko feraiti, ile kauri ya sumaku ya pete za kawaida, na hubeba usumaku wa tesla 1.2 (tesla ni kipimo cha usumaku) kabla haijashiba, yaani kabla haijashindwa kupokea zaidi, wakati feraiti inaishia karibu 0.4 au 0.5.

Nilianza vibaya. Pete za kwanza nilizinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeziita nano. Rafiki yangu ana mita ya kupima henri, kipimo cha jinsi pete inavyoukaba umeme unaobadilika haraka, tukapitisha waya mara moja tu katikati ya pete: mikrohenri 3. Tulipokuja kuipima ya kweli yenye ukubwa uleule, ilisoma 19. Nilikuwa nimeuziwa feraiti ya kawaida kwa bei ya nano. Tangu siku hiyo sinunui pete bila kipimo hicho, na nakusihi nawe usinunue.

Zilipofika za kweli nikakosea mwenyewe. Nilivisha kila fezi pete yake, nikidhani ndiyo ulinzi kamili. Umeme wa kazi wa mota ukazishibisha papo hapo, zikawa kama hazipo. Fezi zote tatu lazima zipite pamoja kwenye pete moja, ili umeme wa kazi ufutane na pete ibaki na ule wa kuzurura tu. Waya wa ethi upite nje. Nikarekebisha nikaweka pete mbili, karibu kabisa na inverta. Baada ya saa moja ya kusaga zilikuwa za moto, mkono hauvumilii. Maana yake zilielemewa, kwa hiyo nikaongeza mbili. Nne zinakaa na uvuguvugu tu, hata mashine ikisaga kutwa nzima msimu wa mavuno.

Ninachokilalamikia ni wepesi wake wa kuvunjika. Ukishaokwa, utepe huwa kama ganda la yai. Pete moja isiyo na kasha ilinidondoka kutoka usawa wa kiuno, ikamomonyoka vipande vinavyong’aa. Nunua zenye kasha la plastiki hata kama bei inapanda. Na kama ethi yako ni mbovu, anza na ethi; mimi nilikuta waya wake umelegea kwenye bodi ya mota, pete zisingeliponya hilo.

Beringi nilizofunga pamoja na pete hizo zina miezi 14 sasa. Mwezi uliopita nilifungua upande wa puli mchana kweupe, nikafuta grisi, nikapitisha ukucha. Laini kama sahani. Nimeagiza pete nyingine nne za mota ya kukoboa. Safari hii nimepima kipenyo cha ndani nyaya zikiwa na vichwa vyake vya kufungia, kwa sababu mara ya kwanza vichwa vilikataa kupita na nilivikata vyote vitatu nikabana vipya.