CACFP kwa wanaolea watoto nyumbani Minnesota: maoni yangu

Dada zangu wenye leseni ya kulea watoto nyumbani, mmekuwa mkiniuliza pa kuanzia kutafuta pesa. Mimi nasema anzeni na CACFP, mpango wa chakula wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ruzuku nyingi hutangazwa, dirisha likafungwa, mwaka unaofuata hazipo. Hii hulipwa kila mwezi, na si mkopo.

Anayelea watoto nyumbani haingii peke yake, hujiunga kupitia shirika mdhamini, ndilo linalompitishia malipo. Kwa siku, kila mtoto analipiwa milo miwili na kitafunio kimoja, au mlo mmoja na vitafunio viwili. Chakula cha mchana lazima kiwe na maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda na nafaka. Wengi wanaogopa kwamba wataacha jiko letu wapike makaroni kila siku. La hasha! Hapa kwangu Brooklyn Park watoto wanakula ugali, na ugali wa unga ulioongezwa virutubisho unahesabiwa kama nafaka. Sukuma wiki ni mboga. Maharagwe yanashika nafasi ya nyama, ila hayahesabiwi mara mbili kwenye mlo mmoja: yakishakuwa nyama, mboga itoke kwingine. Ongeza vipande vya embe na kikombe cha maziwa, mlo umetimia. Angalau mara moja kwa siku nafaka iwe isiyokobolewa. Maziwa nayo yana sheria yake: mtoto wa mwaka mmoja anapewa yenye mafuta yote, akifika miwili anahamia ya asilimia 1 au yasiyo na mafuta.

Watoto wako wa kuzaa hawalipiwi, isipokuwa kipato chako kiwe chini ya kiwango na wawe wanakula pamoja na mtoto unayemlea asiyeishi kwako.

Kinachoniudhi ni ngazi mbili za malipo. Ukiwa eneo la kipato cha chini, au wewe mwenyewe kipato chako ni kidogo, unapata ngazi ya kwanza. Wengine wanapewa ya pili, ambayo ni ndogo mno. Baada ya korona kuingia tulifika mahali sote tukalipwa ya juu, mpaka ikakatwa mwisho wa Juni 2023. Bei ya mayai dukani ni ile ile kwa wote, kwa hiyo sioni haki hapo.

Mdhamini mchague vizuri. Wa kwanza wangu alichelewesha malipo na simu hapokei, nikahama. Wa sasa ana programu ya simu, nami huweka alama ya kila mtoto pale pale mezani, kabla sahani hazijatolewa. Wakaguzi huja mara tatu kwa mwaka, angalau mara mbili bila taarifa. Wasikukere. Tangu kesi ya Feeding Our Future, shirika la hapa Minnesota ambalo watu wake walishtakiwa kuiba pesa za chakula cha watoto, ifikishwe mahakamani mwaka 2022, karatasi zinaangaliwa kwa makini sana, na ni sawa kabisa, maana hii ni pesa ya chakula cha watoto.

Ukishatulia, omba pia Great Start, malipo ya jimbo ya kuongezea kipato wanaolea watoto. Inaombwa upya kila mwezi, na ukisahau, ya mwezi huo imekupita.

Naipa CACFP nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya ngazi ya pili. Orodha ya wadhamini, mwulize afisa wa leseni wa kaunti yako.