Nilitaka plagi namba 7, wakanifungia namba 5: uzoefu wangu na gereji moja Arusha

"Plagi nyeupe ni plagi safi, kijana. Hapo injini inachoma vizuri."

Hayo ni maneno ya mwenye gereji, mtu mzima, plagi zangu nne zikiwa mezani mbele yake. Kaure ya kila moja imepauka hadi inang'aa, na juu yake kuna vichembe vidogo kama pilipili manga. Anayejua plagi akiona vile vichembe moyo unamshtuka, kwa sababu mara nyingi ni alumini ya pistoni imeanza kumeguka. Yeye akaniambia ni usafi. Nimekaa na hasira hii muda sasa, na bado haijaisha, kwa hiyo naandika.

Gari ni Subaru Impreza ya tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), injini EJ20, iliyotengenezewa soko la Japani na petroli yao ya bei ya juu yenye oktani karibu 100, yaani isiyojiwasha ovyo ikigandamizwa. Kwetu pampuni hupati kitu hicho. Eksozi imefunguliwa, presha ya tabo imepandishwa kidogo, imetuniwa upya. Kiwandani ilitoka na plagi zenye namba ya joto 6. Aliyenitunia akasema nishuke hatua moja upande wa baridi (plagi "baridi" ni ile inayotoa joto haraka), niweke 7, na sababu yake inaeleweka hata kwa asiye fundi: nguvu ikiongezeka, joto ndani ya silinda linaongezeka, na plagi isipoweza kulitoa haraka, ncha yake inaiva kiasi cha kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya muda. Kwa hesabu ya watu wa mbio, ukiongeza nguvu za farasi kati ya 75 na 100 unashuka hatua moja. Basi.

Nikaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: BKR7E, yaani plagi ya kampuni ya NGK, namba 7. Nikampa mzee mkononi, shikamoo na heshima zote. Nikaacha gari asubuhi, nikalipia plagi na ufundi, nikaichukua jioni. Risiti imeandikwa "plagi za baridi". Namba haipo.

Jumamosi iliyofuata, nadhani, nikaelekea Monduli. Tambarare ya Kisongo gari ilikwenda vizuri sana. Tulipoanza kupanda, gia ya tatu, tabo imejaa, nikasikia ile sauti. Wenye Subaru mnaijua. Ni kama kokoto ndani ya kopo, mlio wa mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kwa EJ20 si sauti ya kuvumilia hata sekunde mbili, maana pistoni zake zina tabia ya kuvunjika pale katikati ya ringi. Nikaachia mafuta, nikageuza, nikarudi mjini kwa mwendo wa daladala bila kuigusa tabo.

Plagi zikafunguliwa palepale gereji. BKR5E. Zote nne.

Hapa ndipo ningetegemea mtu aseme "pole, tumechanganya". Mzee akaniambia namba ikishuka na joto linashuka, hivyo 5 ni baridi kuliko 7, na yeye amenisaidia kwa kunipa zilizo baridi zaidi. Kwa NGK ni kinyume kabisa: namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, na Denso, kampuni nyingine ya plagi, nao wanakwenda hivyohivyo. Bosch ndio wanaohesabu upande wa pili, kwao namba kubwa ni plagi ya moto. Naelewa mtu aliyekulia kwenye Bosch akachanganya, sina shida na hilo. Lakini pale pale nikamwonyesha kwa macho. Nikaomba plagi ya zamani ya namba 7 kutoka kopo la chakavu, nikaziweka bega kwa bega. Pua ya kaure ya 5 ni ndefu, joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye silinda hedi. Pua ya 7 ni fupi, joto linatoka upesi. Huhitaji kitabu, unaangalia tu.

Hakuangalia! Alikuwa anahesabu hela za mteja mwingine. Akasema, bila kuinua uso: "Mimi nilikuwa nafunga plagi hujazaliwa. Ungekuwa unajua, ungefunga mwenyewe."

Kwa takwimu za NGK wenyewe, hatua moja inabadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi. Mimi nilipewa hatua mbili upande usio wangu. Ncha inatakiwa ikae juu ya nyuzi 450 hivi ili ijichome masizi, na isifike 800 na kuendelea, maana huko ndiko injini inajiwasha yenyewe. Mzee anacheza na tofauti hiyo kwenye injini ya mtu, halafu ananiambia nifunge mwenyewe. Nikaomba nibadilishiwe. Akasema zimeshatumika. Zimetumika na nani, kwa uamuzi wa nani?

Niseme haki: dogo aliyezifungua ni fundi. Subaru plagi zimelala ubavuni, mkono hauingii, lazima utoe betri upande mmoja, na wengi wanaharibu uzi wa hedi kwa kulazimisha. Huyu alisubiri injini ipoe, akaanza kila plagi kwa vidole, akamalizia kwa spana ya kipimo. Ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini, "Braza, hizi zimeungua, usiendeshe nazo." Aliona rangi akajua. Plagi nzuri huwa ya kahawia hafifu au kijivujivu, nyeusi ya masizi ni baridi mno au mafuta mengi, nyeupe yenye vichembe ni hatari. Mwajiri wake hajui hilo, au anajua na hataki kusema mbele ya wateja, na sijui lipi ni baya zaidi.

Namba 7 nilizipata Moshi, duka la spea, muuzaji akaniuliza presha ya tabo kabla hajainuka kwenye kiti. Nikafunga, nikarudi njia ileile ya Monduli, kimya. Nikapima mgandamizo wa silinda zote nne, ziko karibu sawa, namshukuru Mungu.

Ila kama gari yako ni ya kiwandani na safari yako ni Njiro na mjini kwenye foleni, usikimbilie 7 kwa sababu yangu. Asubuhi za Julai, baridi ya Arusha ikiwa kali, zangu zinashika masizi na injini inamisi kidogo hadi ipate moto. Kwa matumizi hayo 6 inatosha, na tena ni bora.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota moja. Nikapanda hadi tatu kwa ajili ya dogo, maana mikono yake ni ya kuaminika. Sasa nimeikumbuka "ungefunga mwenyewe", nazishusha. Moja. Ukilazimika kwenda pale, nunua plagi zako kwingine, mtafute dogo, na simama hapohapo hadi ya nne iingie.