Shata za mbao za nje: uzoefu wangu Jinja

Jozi mbili za kwanza za shata, yaani vifuniko vya mbao vya kufunga dirisha kwa nje, zimekuwa ukuta wa banda la kuku. Mbao si mbaya, na fundi aliyezitengeneza anajua kuranda. Tatizo lilijulikana siku ya kuzifunga: madirisha yangu ni ya chuma na, kama nyumba nyingi za Uganda, vioo hufunguka kwa nje. Shata nazo zinakaa nje. Kwa hiyo ukitaka kivuli, sharti ufunge kioo kwanza, na ukishafunga kioo huna hewa. Nilipomlalamikia fundi akaniambia, "Mama, ulisema unataka shata, hukusema dirisha linafungukaje." Hasira zilinipanda, lakini kweli sikusema.

Nilikuwa nazitaka kwa sababu ya sebule. Inatazama magharibi, na kuanzia saa nane mchana kochi la pale dirishani halikaliki. Pazia halisaidii sana, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia ndani. Lazima ulizuie nje. Fundi wa kwanza alitaka kunifungia madirisha yote tisa. Msikubali. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, na mchana linakuwa juu sana hivi kwamba ukingo wa paa unatosha kuzikinga kuta za pande hizo. Kuta zinazoungua mwaka mzima ni za mashariki na magharibi. Mimi nimefunga mawili tu ya magharibi.

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa Walukuba, hapa hapa Jinja. Hata futi hajaitoa mfukoni, akauliza: "Vioo vyako vinafunguka wapi?" Hapo nikajua nimefika. Tuling'oa vioo vya zamani tukaweka vya alumini vya kusukuma pembeni, gharama ambayo sikuwa nimeipanga. Sasa kioo kinabaki wazi na shata zimefungwa, upepo wa ziwa unapita katikati ya vibao vyembamba vya shata.

Kuhusu mbao, paini ni rahisi mfukoni na nyepesi, lakini kama haijatiwa dawa, mvua za Machi na mchwa watakumalizia. Nilichukua mvule. Mchwa hawaupendi, na hata rangi ikichubuka hauozi haraka. Ila ni mzito, kwa hiyo dai bawaba tatu kila upande, si mbili, na zifungwe kwenye fremu ya mbao iliyoshikwa vizuri ukutani. Zikishikilia plasta peke yake zitang'oka. Mvule mpya una rangi ya manjano, unageuka kahawia kadiri jua linavyoupiga. Ukiletewa mbao mpya zilizokwisha kuwa kahawia iliyokolea, uliza zimepakwa nini. Mzee alinionyesha pia vijiwe vyeupe vilivyo ndani ya mti huo, ndivyo vinavyomharibia msumeno. Alilalamika wiki nzima, na sehemu ya malalamiko hayo niliikuta kwenye bei.

Shata za bati nilizifikiria. Jirani anazo. Mchana zinaunguza mkono, na mvua ikipiga husikii redio.

Vibao vyangu vimelala, ukingo wa nje ukiwa chini ili maji yamwagike nje. Kagua hilo kabla fundi hajagonga msumari wa mwisho, maana wapo wanaovigeuza. Pima pia upana: kila bawa liwe nusu ya dirisha, zikutane katikati. Nimeona nyumba mpya zenye vishata vyembamba vilivyobandikwa pembeni kama hereni, hata ukivifunga havifiki popote.

Kero zipo. Vyuma vya kuzuia wezi viko ndani ya dirisha, mkono haufiki hadi ukutani, kwa hiyo kila mchana natoka nje kuzifunga. Ningekuwa ghorofani nisingethubutu. Ndoano za kuzishika zikiwa wazi tulizisahau mwanzoni, na dhoruba ya kwanza ilizigonga ukutani usiku kucha. Mama mkwe akadhani tumevamiwa. Halafu sami. Wadudu hao wa ziwani wakija kwa wingi wanajazana katikati ya vibao, na kitambaa hakiingii. Natumia brashi ya zamani ya rangi. Nikipata pesa ya kufunga dirisha la chumbani, la mashariki, nitamwambia mzee aviachanishe vibao kidogo, brashi ipite vizuri.