Bawa la glaida ya rimoti: povu la televisheni au bango la plastiki?
Chukua bawa la glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, la mita 1.5 kwa sentimita 20. Ukilichonga kwa povu jeupe linalofungashiwa televisheni litakuwa na gramu 100 hivi. Kwa bango kuukuu la plastiki lenye mifereji mitupu ndani, la unene wa milimita 4, lililokunjwa juu na chini, karibu gramu 500. Penye upepo mwanana povu halina mpinzani. Lakini bila ufito wa mwanzi na utepe wa kufungia maboksi huvunjika katikati, na gundi ya viatu huliyeyusha. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Bango hujipigiza chini, ukalinyoosha likaruka tena, ila gundi hailishiki vizuri usipolikwaruza kwa msasa. Gharama ni ndogo kote. Unarushia uwanja tulivu? Povu. Mlimani penye upepo mkali, au ndiyo kwanza unajifunza? Bango.